Naombeni ushauri: gitaa la Martin 000-18 la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, muuzaji anataka dola 11,000

Mkwaju_Tanga
Habari za humu wakuu. Nipo Minneapolis, na kuna mzee wa Milwaukee anapunguza mkusanyiko wake binafsi wa magitaa kavu. Anauza Martin 000-18, anasema ni ya 1934. Mgongo na mbavu ni mahogani, uso ni sprusi (mti laini wa jamii ya msonobari), na kwa maneno yake kila kitu ni orijino isipokuwa mashine za kukazia nyuzi. Kuna mstari pembeni mwa kinga ya uso (kibao cha kuzuia mikwaruzo), unatoka kwenye tundu la sauti kuelekea daraja linaloshika nyuzi, anasema ni vanishi tu. Namba ya ndani inaanza na 67, ina tarakimu tano. Jumamosi naenda kuliona. Niende na vifaa gani, nianzie wapi, na bei imekaaje? Mbele ya safari nataka kuhamia nalo nyumbani Tanga, hivyo mwenye kujua mambo ya vibali naye asipite kimya.

Kisigino
Mkuu, namba hiyo si ya 1934. Martin walifunga 1934 kwenye 58679, 1936 kwenye 65176 na 1937 kwenye 68865. Kwa hiyo 67 elfu na ushee ni 1937. Si lazima awe anadanganya, wakusanyaji wengi hurithi maelezo ya aliyewauzia, ila ujue unazungumzia gitaa la mwaka gani. Piga tochi ndani ya tundu, tazama kipande cha mbao ambako shingo inaingia: "000-18" iwe imegongwa juu, namba chini yake. Kuanzia mwishoni mwa 1930 modeli inagongwa pamoja na namba, kwa hiyo namba ikiwa peke yake kwenye gitaa la 1937, shtuka.

Pima pia upana wa sehemu ya chini ya bodi, ni inchi 15, yaani milimita 381. Shingo ikutane na bodi kwenye freti ya 14 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo). Upande wa juu, kwenye mfupa wa nati, upana uwe milimita 44.5 hivi. Walianza kuupunguza 1939.

rula_ya_chuma
Vifaa: rula ya chuma iliyonyooka ya sentimita 45 au zaidi, rula ndogo yenye nusu milimita, kioo kidogo cha fundi magari chenye mkono, tochi, sumaku ndogo na taa ya UV ya mkononi. Vyote vinaingia kwenye mfuko wa koti.

Anza na shingo, kwa sababu ndiyo inayokula pesa. Laza rula juu ya freti katikati ya shingo, isogeze hadi iguse daraja. Kwenye gitaa lenye afya ncha ya rula inatua juu kabisa ya daraja au inapita juu yake kidogo. Ikigonga ubavu wa daraja, shingo imeinuka, na hapo andika imegonga milimita ngapi chini. Kisha pima: (1) kimo cha uzi mnene wa E kutoka juu ya freti ya 12, kinachofaa ni 2.4 mm, (2) mfupa wa daraja, ule unaobeba nyuzi, umetokeza kiasi gani, tunataka 3 mm au zaidi, (3) unene wa daraja lenyewe, la Martin wa miaka hiyo huwa karibu 8.5 mm. Hiki cha tatu watu hukisahau. Mafundi wa zamani waliona rahisi kuranda daraja kuliko kung'oa shingo, na gitaa likaonekana linapigika huku ugonjwa ukibaki palepale.

Sumaku ni ya mgongo wa shingo. Kuanzia 1934 Martin waliweka chuma chenye umbo la T ndani yake, hivyo inatakiwa ivute kidogo. Chuma hicho hakirekebishiki. Mwenye kukwambia "shingo utakaza tu kwa ufunguo" anaongelea Martin za kuanzia 1985.

BintiSprusi
Huo mstari pembeni mwa kinga mimi siuamini kabisa kuwa ni vanishi. Enzi hizo kinga ya seluloidi (plastiki ya zamani) iligandishwa moja kwa moja kwenye mbao tupu, kisha vanishi ikapigwa juu ya vyote. Seluloidi inasinyaa kadiri inavyozeeka, mbao haisinyai nayo, matokeo yake inavuta nyuzinyuzi za sprusi hadi uso unapasuka kwenye ukingo wa kinga. Ni ugonjwa wa ukoo kwa Martin za zamani. Bonyeza taratibu kwa kidole gumba upande mmoja wa mstari: upande mmoja ukishuka kuliko wa pili, huo ni ufa. Kwa ndani tumia kioo, utafute vibandiko vidogo vya sprusi vilivyowekwa kukatiza ufa. Vikiwepo na vimekaa vizuri, hilo si tatizo kubwa.

Ukiwa na kioo humo humo, angalia bamba chini ya daraja. La 1937 ni la mepoli (mti wa maple), jembamba, upana kama 35 mm. Likiwa kubwa na la rangi ya kahawia iliyokolea, limebadilishwa, na bamba kubwa huzima sauti. Mihimili ya uso nayo iwe imechongwa mabonde, maana Martin waliendelea kuichonga hivyo hadi mwishoni mwa 1944. Taa ya UV iwashe gizani: vanishi kuukuu ya nitroselulosi hung'aa kijani-njano kwa usawa. Ukiona kiraka cheusi au cha rangi tofauti, kuna mahali pamepuliziwa upya. Uso wote ukiwa umepakwa upya, thamani hushuka karibu nusu, na hapo 11,000 haizungumziki.

Sauti_Kavu
Kuhusu mashine, msikuze sana. Zikibadilishwa kwa za aina ileile ya wazi bila kupanua matundu, ni suala la skrubu tu.

Kisigino
Ndiyo, kama matundu hayajapanuliwa. Zile zilizofunikwa za miaka ya 60 zinataka tundu la kama milimita 10, na mbao iliyotolewa hairudi. Angalia nyuma ya kichwa kama kuna alama za skrubu za zamani.

Mkwaju_Tanga
Nimerudi wakuu, asanteni sana. Ni 67 elfu kweli, modeli imegongwa. Rula imegonga 3 mm chini ya juu ya daraja. E ya 12 ni 3.2 mm, mfupa umetokeza 2 mm, daraja 7 mm. Mstari ni ufa, una vibandiko vitatu, haushuki. Bamba ni la mepoli jembamba. UV safi, mashine hazikupanua matundu. Mzee anasema nipunguze mfupa tu.

rula_ya_chuma
Piga hesabu. Kushusha uzi 0.8 mm kwenye freti ya 12 kunataka kukata 1.6 mm kwenye mfupa. Utabakiwa na 0.4 mm. Nyuzi hazitakuwa na mkunjo wa kuukandamiza mfupa, sauti itakuwa legelege. Na daraja limerandwa 1.5 mm, kwa hiyo ukilirudisha kwenye unene wake, rula itagonga 4.5 mm chini.

Dawa ni kung'oa shingo na kuiketisha upya: freti ya 15 inatolewa, tundu dogo linatobolewa kwenye mfereji wake hadi kwenye kiungo cha mkia wa njiwa kinachoshika shingo kwenye bodi, mvuke unalainisha gundi ya ngozi. Kutoka freti ya 14 hadi darajani ni kama 281 mm, kisigino cha shingo kikiwa na kimo cha 90 mm unaondoa karibu 1.4 mm nchani, na kumalizikia sifuri karibu na ubao wa freti. Pamoja na daraja jipya la eboni. Gitaa lenyewe ni zuri, ila 11,000 ni bei ya lile lisilodai kazi hii. Pata makadirio ya maandishi kutoka kwa fundi wa magitaa ya zamani, yatoe kwenye bei, kisha punguza tena kwa ajili ya daraja la asili lililopotea na ufa.

Kibali_Kwanza
Vibali sasa. Mahogani haisumbui, ala iliyokamilika haimo kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini). Kinachosumbua ni kichwa: magitaa haya yamevikwa kibao chembamba cha rozwudi ya Brazili usoni mwa kichwa, na mti huo uko Kiambatisho cha I, kundi lenye masharti makali zaidi, tangu 1992, bila msamaha kwa vipande vidogo. Kuna cheti cha ala ya muziki cha U.S. Fish and Wildlife Service kwa anayesafiri na kurudi, lakini hicho hakiruhusu kuuza huko uendako. Wewe unahama, kwa hiyo omba cheti cha kuthibitisha kuwa mti ulipatikana kabla ya kuorodheshwa, na uulize mamlaka ya CITES ya Tanzania kabla ya kukata tiketi. Mzee akuandikie risiti yenye namba, modeli na mwaka 1937. Akiandika 1934, namba itamkana.

BintiSprusi
Na Tanga unyevu si wa Minneapolis. Uso utavimba, nyuzi zitapanda, kwa hiyo mwambie fundi aache mfupa wenye nafasi ya kupunguzwa. Funga nyuzi nyepesi za 012 (uzi mwembamba kabisa una inchi 0.012), za 013 usizijaribu. Likisafirishwa wakati wa baridi, acha kasha limefungwa saa 24 ndani ya nyumba kabla ya kulifungua, la sivyo vanishi itapasuka mistari.