Kikundi cha familia: Nairobi au Dar, Mara au Serengeti

Ijumaa usiku

Rukia (Nairobi): Assalaam aleykum nyote. Mama Mkubwa, Mjomba, shikamooni. Nimepata kazi Dar, kampuni ya mizigo, upande wa uhasibu. Wananipa 1,600,000 za Tanzania kwa mwezi. Hapa nalipwa 95,000 kabla ya makato. Jibu wanalitaka Jumatano. Nisaidieni kufikiri jamani.

Mama Mkubwa Mwanaisha (Mombasa): Waaleykum salaam mwanangu, marahaba. Milioni na laki sita! Mbona nyingi hivyo?

Hamadi (Tanga): Mama, hizo ni za huku. Shilingi moja ya Kenya inabadilishwa kwa 19 na ushee. Ukigawanya unapata kama 82,000 za Kenya.

Mama Mkubwa Mwanaisha: Basi wamempunguzia. Akafuate nini huko?

Zuhura (Dar): Mama Mkubwa shikamoo. Ngojeni kwanza. Nimeishi Nairobi kabla ya kuolewa huku, nazijua pande zote mbili. Mshahara wa kwenye barua msiuangalie. Rukia, mkononi unabaki na ngapi?

Rukia: Kama 67,000. Kuna kodi ya mapato, NSSF ya akiba ya uzeeni, bima ya afya asilimia 2.75, na tozo ya nyumba asilimia 1.5.

Zuhura: Sawa. Huku kwenye 1,600,000 watakukata NSSF asilimia 10, yaani 160,000. Kodi itafika kama 260,000. Unabaki na 1,180,000, ambayo ni kama 60,000 za Kenya. Tofauti sasa ni elfu saba. Kodi ya nyumba unalipa ngapi?

Rukia: 22,000, Kasarani. Chumba kimoja na sebule.

Zuhura: Hapa Dar, mtaa wa Tabata, nyumba ya namna hiyo, chumba masta, sebule na jiko, unaipata kwa 250,000. Hiyo ni kama 13,000 za Kenya. Ukishalipa nyumba, Nairobi umebaki na 45,000, Dar 47,000. Umeona? Mshahara mdogo umeupita mkubwa.

Idi (Dodoma): Dada Zuhura, kwa hesabu hiyo Tanzania imeishinda Kenya, na haiko hivyo. Pato la kila mtu Kenya ni karibu dola 2,000 kwa mwaka, sisi ni karibu 1,200. Benki ya Dunia ilituingiza kundi la kipato cha kati cha chini Julai 2020, Kenya ilishatangulia miaka kadhaa. Umeme nao: Kenya zaidi ya robo tatu ya watu wanao, huku ni takriban nusu.

Zuhura: Mdogo wangu, sijasema nchi imeishinda nchi. Rukia haendi kuishi kwenye wastani. Anakwenda kuishi Tabata, na Tabata umeme upo.

Idi: Lakini wastani unaeleza kwa nini kampuni nyingi za nje zinaweka makao Nairobi. Mhasibu akitaka kupanda ngazi, Nairobi milango ni mingi. Baada ya miaka mitano atakuwa wapi?

Rukia: Hilo Idi amesema kweli, na ndilo linalonikosesha usingizi. Hapa nikiacha kazi leo najua pa kubisha hodi. Dar simjui mtu kwenye fani yangu.

Mjomba Seif (Muscat): Marahaba wanangu. Nawasoma kimya. Rukia, usilidharau neno la Idi. Mimi nilikuja huku kwa mshahara, nikakaa kwa sababu ya kazi iliyofuata.

Hamadi: Na deni je? La serikali ya Kenya limepita trilioni 11 za huko. Kila bajeti ikisomwa wananchi wanashika roho, kodi gani tena inakuja.

Rukia: Hamadi, usiniguse hapo. Ile asilimia 2.75 inakatwa kwenye mshahara wote, haina kikomo. Ukiongezwa mshahara, nayo inaongezeka.

Mama Mkubwa Mwanaisha: Na chakula? Nani ana nafuu?

Zuhura: Chakula Dar ni nafuu, Mama. Mchele, maharage, ndizi, nyanya. Mchele ndio hasa, kwa sababu Mbeya na Morogoro zinalima na unaletwa Dar kwa wingi. Nairobi mchele mzuri ni chakula cha kufikiria. Mafuta ya gari pia: mwaka 2025 petroli Nairobi ilikuwa zaidi ya 170 kwa lita, Dar ikizunguka 2,800, ambayo kwa hela ya Kenya haifiki 150.

Rukia: Nauli?

Zuhura: Hapa ndipo nilipoipenda Dar kwa moyo wote. Nauli ya daladala inapangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa nchi kavu, na imeandikwa. Mvua inyeshe, jua liwake, unalipa ileile. Nairobi unakumbuka mwenyewe: wingu likitanda saa kumi na moja jioni, makanga anataja nauli mara mbili, na watu mko mia stendi mnatazamana. Nilikuwa nimetenga hela ya wiki, Jumatano imekwisha.

Rukia: Jana tu nimelipa 150 badala ya 80 🌧️

Zuhura: Sasa sikiliza na ubaya wa Dar, usije ukanilaumu. Mwenye nyumba hapokei kodi ya mwezi mmoja kama Nairobi. Anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka. Na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Kwa nyumba ya 250,000 hiyo ni 1,500,000 ya mwenye nyumba na 250,000 ya dalali, jumla 1,750,000. Karibu 90,000 za Kenya kabla hujanunua hata ndoo. Hujatulia, miezi sita imeisha, unaanza tena. Watu wenye mishahara mizuri kabisa nimewaona wanakopa kila nusu mwaka kwa ajili hiyo.

Mama Mkubwa Mwanaisha: Subhanallah. Mshahara wa kwanza bado, atazitoa wapi?

Rukia: Hapa nililipa mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, nikaingia.

Hamadi: Rukia, na mtoto wako je? Anaingia darasa la tatu mwakani.

Zuhura: Shule za serikali huku hazina ada tangu Januari 2016, na masomo ya msingi ni kwa Kiswahili. Mtoto wako amezoea Kiingereza. Ukimpeleka shule binafsi ya Kiingereza, ada inaila ile nafuu ya nyumba na ikazidi. Kwa maoni yangu mpeleke ya serikali iliyo karibu, Kiswahili anacho cha Mombasa, atashika ndani ya muhula. Ila uamuzi ni wako, dada, mtoto ni wako.

Mama Mkubwa Mwanaisha: Si afungue na kibanda cha M-Pesa, aweke kijana, apate cha juu? Hapa mtaani kila mwenye kazi ana kibanda.

Hamadi: Haiwezekani, Mama. Julai 2025 serikali ya huku ilitoa orodha ya biashara 15 asizoruhusiwa mgeni. Uwakala wa fedha kwa simu umo, kutengeneza simu kumo, kuongoza watalii kumo. Wakenya walilalamika sana, nami nafanya biashara mpakani Horohoro nikiona ndugu zetu wa Lunga Lunga, upande wa Kenya, wakirudi na mizigo yao. Iliniuma. Rukia aje kwa ajira, na mwajiri ashughulikie kibali cha kazi na cha ukaazi kabla hajavuka. Asije na pasi ya matembezi akaambiwa mengine atayapata akifika.

Mama Mkubwa Mwanaisha: Sisi ukoo mmoja, mtoto wangu yuko Tanga na dada yake anaitwa mgeni.

Mjomba Seif: Dada, hata mimi nilizaliwa Pemba na kila nikiingia nagongewa muhuri. Rukia, wakuandikie kwamba vibali ni juu yao.

Mjomba Seif: Nami nina langu. Likizo ya watoto iko Januari. Mke wangu na watoto hawajaona mbuga hata siku moja. Niwapeleke Maasai Mara ya Kenya au Serengeti ya Tanzania? Kila mtu huku ananiambia lake.

Idi: Mjomba shikamoo. Januari ni Serengeti. Nyumbu wakati huo wako kusini, Ndutu, na mwishoni mwa Januari wanaanza kuzaa. Mara wanafika Julai mpaka Oktoba hivi. Ukienda Mara Januari utaona simba na tembo, ila ule msafara hutauona.

Rukia: Idi, Mara ina wanyama mwaka mzima jamani, usiwavunje moyo. Na ni ndogo, kilomita za mraba kama 1,500, simba humtafuti kutwa nzima. Serengeti ni karibu 15,000.

Mjomba Seif: Gharama?

Idi: Mgeni mtu mzima, Mara ni dola 100 kwa siku Januari mpaka Juni, kisha inakuwa 200 Julai mpaka Desemba. Serengeti ni 70 ukijumlisha VAT inafika kama 83. Ila ukishuka Ngorongoro kreta, gari peke yake ni dola 250 na VAT juu, unakaribia 300. Hiyo wengi wanaisahau. Zanzibar nako kuna bima ya lazima ya dola 44 kwa mtu mzima.

Mjomba Seif: Nikitaka zote mbili? Kwenye ramani zimegusana.

Hamadi: Zimegusana, lakini lango la Bologonja lililo kati yake limefungwa kwa watalii tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika. Lazima uzunguke kuvukia Sirari au Namanga, siku nzima barabarani na magari mawili, kwa sababu la Kenya linakuachia mpakani. Chagua moja, Mjomba. Ni hasara kwa nchi zote mbili, kwani mgeni angelala siku tatu huku na tatu kule.

Mama Mkubwa Mwanaisha: Na sisi tulio Mombasa hatumo? Watoto wa Seif hawajawahi kula kwangu.

Rukia: Mjomba, ukija Mombasa uwapandishe treni mpaka Voi. Inapita katikati ya Tsavo, unaona tembo wekundu dirishani. Mpaka Nairobi daraja la kawaida ni 1,500 tu.

Idi: Ya huku inatumia umeme, Dar hadi Dodoma 31,000, ambayo ni karibu sawa na hiyo 1,500 yenu, na inakwenda mpaka 160 kwa saa. Zamani nikitoka chuo kwa basi siku yangu yote imekwisha. Sasa nakula chakula cha mchana nyumbani.

Mjomba Seif: Na usalama? Tuliona maandamano ya Nairobi Juni 2024, tukaona na ya Dar Oktoba 2025. Mke wangu anauliza hilo kabla ya bei.

Zuhura: Mjomba, sitakuficha. Zile siku za uchaguzi intaneti ilizimwa, kukawa na amri ya kutotoka nje, nikashindwa hata kuwaandikia hapa kwamba tuko wazima. Watu walifiwa. Sasa hivi maisha yanaendelea, mbuga na Zanzibar zinapokea wageni. Lakini fuatilia habari hadi wiki ya safari, usikate tiketi isiyobadilishika.

Mama Mkubwa Mwanaisha: Siku zile sikulala, nawaambieni. Mungu atulindie watoto wa pande zote.

Jumamosi asubuhi

Rukia: Nimewaza. Nitawaandikia mambo mawili: vibali walipe wao, na wanikopeshe kodi ya miezi sita, wakate kidogo kidogo kwa mwaka. Wakikubali yote mawili nakwenda. Wakikataa hata moja, nabaki Nairobi na kuomba kupandishwa cheo hapa. Elfu mbili za nafuu hazinitoshi kuanza maisha kwa deni.

Zuhura: Hapo umesema. Ongeza na bima ya afya ya mtoto, huku kampuni nyingi zinatoa ukiomba kabla ya kusaini. Ukishasaini hakuna anayekusikiliza. Nitumie barua yao niisome.

Mjomba Seif: Nasi tumeamua. Tunashukia Arusha, Ndutu siku tatu, kreta siku moja, kisha Tanga kwa Hamadi, na tunamalizia Mombasa kwa dada. Zanzibar safari ijayo.

Hamadi: Karibuni sana. Kutoka Tanga nitawapeleka mwenyewe kupitia Horohoro. Mjomba, kibali cha Kenya cha mtandaoni, eTA, ombeni mapema, mpakani hakitolewi. Na angalia pasi za watoto zisiwe na chini ya miezi sita.

Mjomba Seif: Ya mdogo inaisha Machi. Naenda kuishughulikia kesho.