Gari-nyumba kwenda pwani msimu wa baridi: maji na gesi

MamaWawili: Habari wadau. Tunatoka bara kwenye theluji kwenda pwani kwa gari-nyumba, mimi, mume na watoto. Usiku wa kwanza tutalala penye barafu. Nahofia mabomba, na zaidi mdogo wetu, ana pumu.

Dereva_Mzee: Dada, tangi liache tupu mpaka mvuke eneo la baridi. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, ndipo bomba linapasuka. Ya kunywa bebeni kwenye madumu, yakae ndani. Gesi iwe propani. Butani ikifika karibu na nyuzi 0 haitoki, jiko linazima.

Baba K: Kwa mwenye pumu, unyevu ndio adui. Mkilala wanne humo, asubuhi vioo vinachuruzika na godoro limelowa upande wa chini. Acheni tundu la juu wazi kidogo usiku kucha, hata baridi ikiuma. Na nakusihi, msiote moto wa jiko la gesi: linaweza kutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. King'ora cha kuitambua kikae karibu na vitanda.

MamaWawili: Asanteni mno. King'ora nanunua kesho.

Dereva_Mzee: Mkifika, osheni gari chini. Chumvi ya barabarani inakula chuma.