Mawakili, kurusha samansi ng'ambo kwa WhatsApp bila ruhusa ya mahakama ni kula pesa ya mteja bure

Wadau, huu mtindo umezidi sasa. Mteja anafungua kesi Nairobi au Mombasa, mdaiwa yuko Doha, Houston au Leeds. Ada zote kalipa. Wakili anachukua samansi, yaani wito wa mahakama, ileile ambayo angempelekea mtu wa Machakos, anaipiga picha na kuirusha WhatsApp. Hukumu ya upande mmoja inatoka, mteja anashangilia. Kisha mdaiwa anaibuka na wakili wake, anaonyesha kuwa hakuna ruhusa iliyowahi kuombwa, na hukumu inatupwa. Gharama anabebeshwa nani? Mteja!

Amri ya 5, kanuni ya 21 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010 haina utata. Hati haitoki nje ya Kenya mpaka mahakama iruhusu, na sababu za kuruhusu zimetajwa: ardhi iliyoko Kenya, mkataba uliofungwa au kuvunjwa Kenya, mtu ambaye lazima aunganishwe na mdaiwa aliyeko hapa, na nyinginezo. Mahakama ya Rufaa ililisema hili 2005 katika kesi ya Raytheon Aircraft Credit Corporation dhidi ya Air Al-Faraj: mahakama zetu hazina mamlaka juu ya mtu aliye nje hadi apelekewe hati kwa ruhusa, au ajisalimishe mwenyewe kwenye kesi. Ni miaka mingi hiyo, na bado watu wanafanya yaleyale.

Jibu lenu nalijua: "kanuni zilirekebishwa 2020". Ndiyo, zililetwa kanuni ya 22B ya barua pepe na ya 22C ya programu za ujumbe wa simu kama WhatsApp. Hizo zinahusu njia ya kufikisha hati. Kanuni ya 21 iko palepale. Ukitaka WhatsApp kwa mtu wa ng'ambo, omba yote mawili kwa ombi moja, ruhusa ya kupeleka hati nje na ruhusa ya kutumia namba hiyo, ukithibitisha kuwa namba ni yake na anaitumia. Halafu kuna viapo vya kuthibitisha kuwa hati imefikishwa, vinavyoambatanishwa na picha ya skrini yenye tiki moja ya kijivu! Tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwako tu, kwenye simu yake haujafika. Zinatakiwa mbili, na picha ionyeshe namba nzima wala si jina ulilomsevu, tarehe, saa, na faili yenyewe uliyotuma. Weka na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kile cha ushahidi wa kielektroniki.

Kiapo cha kuomba ruhusa nacho huandikwa aya tatu za kunakili. Kinapaswa kusema mdaiwa yuko nchi gani na mahali gani, kama ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola au la, na ombi linasimama kwenye sababu ipi ya kanuni ya 21. Uraia una kazi yake: Mkenya aliyeko Doha anapelekewa samansi, lakini Mqatari wa hukohuko anapelekewa taarifa ya samansi, si samansi yenyewe. Amri ya ruhusa nayo itaje muda wa kujibu. Wengi wanaacha siku zilezile za mtu wa ndani, kana kwamba hati inavuka barabara tu.

Kisha nchi yenyewe. Kenya haimo katika Mkataba wa Hague wa 1965 wa kupeleka hati za mahakama, kwa hiyo fomu zake mnazopakua mtandaoni hazitawasaidia. Marekani ni rahisi: sheria yao, kifungu cha 1696 cha juzuu la 28 la sheria za shirikisho, haizuii hati ya mahakama ya kigeni kupelekwa bila amri ya mahakama yao, hivyo mpelekaji binafsi anatosha, naye aape mbele ya nothari (ofisa wa kuthibitisha viapo). Uswisi ukimtuma mtu binafsi unamtia kwenye jinai, kifungu cha 271 cha sheria yao ya adhabu. Nchi za Ghuba, pitia njia ya kibalozi: hati zigongwe muhuri wa Mahakama Kuu, Msajili azipeleke wizara ya mambo ya nje pamoja na tafsiri ya Kiarabu na ahadi yako ya kulipa gharama. Hapo ndipo faili hulala. Anwani ni sanduku la posta tu, hakuna jengo wala mtaa, au jina limetafsiriwa tofauti na lilivyo kwenye pasipoti, na bahasha inarudi vilevile. Tafsiri ifanyike mapema, jina likaguliwe herufi kwa herufi.

Na saa inakimbia. Samansi isipochukuliwa masjala ndani ya siku 30, kesi inakufa. Ikichukuliwa, ina uhai wa miezi 12. Usipoomba kuongezewa, miezi 24 ikitimia tangu itolewe mahakama inaweza kuifuta kesi bila hata kukujulisha. Kwa njia ya kibalozi, ombi la kuongeza muda liandaliwe mapema, bahasha ikiwa bado njiani.

Wateja, kabla hamjalipa senti ya "kupeleka hati nje", daini nakala ya amri ya ruhusa yenye muhuri wa mahakama. Wakili asiyekuwa nayo awaeleze hapa hiyo pesa ni ya nini.