Nairobi hadi Lodwar, Wajir, Mandera: tupeane uzoefu, safari ilikula saa ngapi kweli?

Mwalimu wa Lodwar (mwenye uzi)
Wadau, juzi binamu kaniuliza Lodwar ni mbali kiasi gani. Nikamjibu, "Saa moja na nusu kwa ndege." Nikajiona mwongo. Ukipima kwa rula kwenye ramani ni kilomita 500 hivi, sawa. Lakini Januari nilitoka Kayole saa kumi alfajiri kwa kuogopa foleni. Uwanja wa ndege wa Wilson mzigo ukazidi kilo 15, nikavaa makoti mawili, raba nikazitundika shingoni, watu wananitazama. Ndege ya pangaboi, ikatua kwanza Eldoret, tukasubiri humo humo ndani. Mlango ulipofunguliwa Lodwar, joto lile, na yale makoti yangu mawili! Boda hadi nyumba za walimu, saa tano kasoro. Karibu saa saba nzima. Leteni hesabu zenu, ndege au basi.

Dada wa Kitale
Mwalimu unadeka. Mimi ndege naiona ikipita tu. Nairobi–Kitale usiku kucha, halafu Kitale–Lodwar kilomita 300 na ushee. Kabla hawajaitengeneza upya barabara, kutoka Kainuk kwenda Lokichar dereva alikuwa anaiacha lami anapita mchangani kando, maana kando ndiko kulikuwa na nafuu. Mwaka mmoja laga, mto wa msimu, ikajaa mbele yetu. Mvua yenyewe hatukuiona, ilinyesha huko milimani. Utingo akachomeka kijiti ukingoni apime kama maji yanashuka. Kila baada ya muda abiria wote tunashuka kwenda kukitazama kijiti. Mama mmoja alikuwa na vifaranga kwenye boksi, alfajiri wakaanza kulia, tukajua kumekucha. Kijiti kilikuwa kimeenda na maji.

Mzaliwa wa Mandera
Kwetu barabara ya Garissa na Wajir inapita kilomita 1,000. Angani ni kama 800, saa mbili hivi. Tangu basi lile la Mandera kwenda Nairobi liliposhambuliwa na al-Shabaab Novemba 2014, mama hataki kusikia habari ya basi. Nikitaka kwenda nyumbani likizo anauza mbuzi. Kwa hiyo mimi safari siihesabu kwa saa, naihesabu kwa mbuzi, na Desemba mbuzi wanaongezeka.

Mbongo Ottawa
Shikamooni wakubwa. Niingilie kutoka Kanada. Hapa Ottawa hadi Iqaluit, kule Nunavut, ni kama kilomita 2,100, saa tatu angani. Barabara ya kwenda huko haipo kabisa, na meli za mizigo zinafika majira ya joto tu, barafu ikiyeyuka. Nilipata kibarua cha miezi mitatu. Tukaruka vizuri, tukafika juu ya mji, upepo na theluji, rubani akazunguka mara mbili, hakuna kitu. Akageuza. Saa sita hewani, nikashukia mlango ule ule niliopandia, na yule dada wa usafi aliyeniaga asubuhi bado yuko pale na fagio lake. Akaniuliza, "Umesharudi?"

Dada wa Kitale
😂😂 Heri kijiti changu.

Mwalimu wa Lodwar
Pole sana ndugu. Sasa mdau wa Ottawa, huko mzigo wanaruhusu kilo ngapi?