Tupeane uzoefu: zile picha za nyumbani za kumalizia filamu

Mjukuu wa Magoma
Wakuu, habari za jioni. Majuzi tulikuwa msibani Korogwe, tumempumzisha bibi. Ikafika suala la picha ya kuweka mbele ya jeneza, maalbamu yakashushwa kabatini. Bibi yumo kwenye harusi za ukoo mzima, kasimama wima, kanuna, mkoba mkononi. Iliyo yeye hasa ni moja tu: anapepeta mchele uani, kanga kiunoni, mdomo wazi anamfokea mtu ambaye hayumo kwenye picha. Mjomba anasema ilipigwa baada ya kipaimara ili kumalizia filamu, ipelekwe kusafishwa.

Wazee wakaikataa eti haina heshima. Ikakuzwa ya kitambulisho.

Wenye picha za namna hii, mliopiga, mliopigwa, mliozipoteza, karibuni. Za sherehe tuziache.

Fundi wa Stendi
Umenigusa, hiyo ndiyo kazi iliyonilea. Filamu ilikuwa ya picha 36, ila ukijua kuichomeka kwa ubahili unapata 37, hata 38. Wateja wa sherehe wanamaliza zao, zinabaki mbili tatu. Kupeleka filamu kusafishwa ikiwa na nafasi ni hasara, kwa hiyo unafyatua chochote njiani: mama anasukwa mlangoni, mtoto kagoma kula, mzee anaziba pancha ya baiskeli. Hizo hakuna aliyezilipia, ndiyo maana hakuna aliyejiandaa.

Ukishatangaza tu "napiga picha" umekwisha. Baba anaingia ndani kuvaa koti, watoto wanapakwa mafuta, redio inaletwa juu ya stuli.

Sogeza Kiti
Redio juu ya stuli 😂😂 ya kwetu ina picha nyingi kuliko mimi kifungua mimba.

Mama K
Mimi nilikuwa Jangwani Desemba 2011. Waliokuwepo hawahitaji maelezo.

Maji yaliingia alfajiri, tukakimbia na watoto mgongoni. Tuliporudi nyumba ina tope hadi usawa wa swichi. Godoro sikulilia, friji sikuililia. Nililia nilipovuta albamu chini ya kitanda ikaja nzito kama tofali. Marehemu baba alikuwa na kamera, alikuwa anatupiga hovyo hovyo tu: tunaoga mvua, tunapigania ukoko, mama kasinzia na mwiko mkononi. Hakuna mtu kwenye zile picha anayetazama kamera.

Jirani akasema zianike juani juu ya bati. Kufika mchana zimejikunja, rangi zinabanduka. Zile zilizokuwa kwenye nailoni za albamu ndizo mbaya zaidi. Unavuta picha, karatasi inatoka nyeupe, sura inabaki kwenye nailoni. Picha ambayo baba mwenyewe yumo (mama ndiye aliyepiga, nusu ni kidole chake) ilitoka hivyo hivyo. Ile nailoni ninayo. Watu walipohamishiwa Mabwepande nilihama nayo, na mume wangu aliniuliza kwenye gari, "Hilo takataka nalo linakwenda?" Sikumjibu mpaka leo.

Kimya Kingi
Pole sana dada. Hata mimi nisingemjibu.

Makavazi
Pole Mama K. Kwa faida ya wengine: picha iliyolowa haianikwi juani. Isuuze taratibu kwa maji safi ya baridi, usiisugue, ilaze kivulini uso juu. Zilizogandana usiziache zikauke pamoja, zitenganishe zikiwa bado majini. Kama ni nyingi na muda huna, ziweke kwenye mfuko, tia friza, utazishughulikia baadaye.

Sogeza Kiti
Friza ipi mkuu wakati nyumba inaelea na Tanesco wamekata umeme?

Makavazi
Ya shangazi wa Kimara.

Minyaa Mitatu
Ngoja niweke yangu, mtachagua wenyewe kuamini au kuacha.

Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Mwaka 2012 baba mdogo akaibuka kwamba mpaka wa shamba si halali, kwamba minyaa ya mpakani alipanda mama yangu baada ya msiba, kwa siri, akasogea ndani ya shamba la huyo baba mdogo. Mashahidi anao, wazee wawili wa kijiji. Mama hana karatasi hata moja. Baraza la kata likakaa, siku ya kwanza tukatoka vichwa chini.

Usiku kaka akapekua bahasha za zamani. Akakuta picha ya mama anatwanga kisamvu, paa la jikoni bado la nyasi. Picha yenyewe imepinda, nadhani mpigaji alikuwa anamalizia filamu kama mleta mada anavyosema. Tumeiona maisha yetu yote, tunamcheka mama jinsi alivyong'ata ulimi. Nyuma yake kuna wanaume wawili wadogo wadogo. Kaka akaleta tochi...

Naingia kikaoni, narudi.

Sogeza Kiti
WEWE! Rudi hapa!

Dada wa Makiti
Sasa kikao ni muhimu kuliko sisi?

Wakili Msomi
Chai. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui mashauri ya ardhi. Wangekwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Fundi wa Stendi
Msomi, kasema 2012. Mabadiliko hayo ni ya 2021. Soma kwanza, ndipo umwage chai.

Wakili Msomi
Na hiyo picha tarehe yake nani alithibitisha? Kamera nyingi zile tarehe ya pembeni ilikuwa ya uongo, mtu hajawahi kuirekebisha tangu anunue.

Bint Shangani
Wakati tunamsubiri, na mimi nitie neno. Sisi Unguja tulikuwa na Capital Art Studio, Mji Mkongwe, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Watu wanajua picha zake za masultani na za mapazia ya studio, lakini yule mzee alikuwa akitoka na kamera mitaani, akipiga watu na shughuli zao. Bibi yangu ana picha ya babu yuko barazani anakunywa kahawa, kofia kaiweka gotini. Sijui nani aliipiga. Kila akija mgeni bibi huanza kwa kuomba radhi kwamba babu kapigwa kichwa wazi.

Bwana Status
Mimi napiga za wanangu kila siku, natupia status. Jana mdogo yuko kwenye beseni anaoga, watu wamecheka hadi basi.

Dada wa Makiti
Mtoto uchi kwenye status yenye mafundi, madalali na wateja wako wa nondo? Piga, weka nyumbani. Kwani lazima tuone?

Bwana Status
Mwanangu, simu yangu, bando langu.

Wakili Msomi
Katiba, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya faragha, na mtoto yumo. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Bando halimo.

Bwana Status
Msomi kahamia huku baada ya kupigwa kule 🤣

Mama K
Sisi baba alitupiga tunaoga mvua, lakini zilikaa chini ya kitanda. Huyo wako akifika sekondari wenzake watakuwa nayo kwenye simu. Kaka, ifute tu.

Minyaa Mitatu
Nimerudi. Msomi, tarehe haikuhitajika. Wale wawili nyuma ya mama ni baba na baba mdogo. Wameshika kamba, huyu huku, yule kule, wananyoosha mstari, na vipande vya minyaa vimelala chini vinasubiri kupandwa. Sasa kama minyaa ilipandwa baada ya msiba, marehemu alikuja kushika kamba?

Mwenyekiti aliigeuza ile picha mara kadhaa. Akampa baba mdogo, akamuuliza jambo moja tu: "Huyu wa kushoto ni nani?" Akasema, "Ni kaka." Kesi ikaishia hapo. Mzee mmoja shahidi alikuwa ameshatoka nje kujisaidia, hajarudi mpaka leo.

Sogeza Kiti
Aliyefyatua hiyo picha apewe ekari moja.

Dada wa Makiti
Na baba mdogo mnasalimiana?

Minyaa Mitatu
Baada ya mwaka alikuja kuomba nakala. Hana nyingine aliyopiga na kaka yake. Mama akamkatalia, mimi nikamtengenezea kimya kimya. Mama akijua ni nyie mmesema.

Wakili Msomi
Naondoa neno chai.

Mjukuu wa Magoma
Nimeipigia simu familia, ya bibi anapepeta isiguswe. Sasa nyuma niandike majina kwa kalamu gani?

Makavazi
Penseli laini, usikandamize. Biro inachora mpaka mbele.

Fundi wa Stendi
Penseli haikamati kwenye karatasi za rangi, ni za plastiki zile. Andika kwenye bahasha. Na mkitumiana WhatsApp tumeni kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa, ukikuza nyuso hazipo. Hao wa minyaa wangeonekana vivuli.

Kimya Kingi
Mimi nina negativi tu, picha ziliibiwa na wageni. Nani anazisafisha kwa bei ya kibinadamu hapa Dar?

Makavazi
Anza mwenyewe. Simu moja iwashe skrini nyeupe, negativi iinue kidogo juu yake isigusane, piga kwa simu nyingine, kisha geuza rangi kwenye programu. Hazitatoka za kukuzia, ila utajua nani yumo.

Kimya Kingi
Nimejaribu moja sasa hivi. Redio juu ya stuli.