Skatingi ya vigae kwenye ukuta wenye tumbo: nichonge plasta au nikate vipande vifupi?

Wakuu, naomba ushauri kuhusu skatingi, yaani ule mstari wa vigae unaozunguka chini ya ukuta. Chumba kipo Njiro, Arusha, mita 4.2 kwa 3.6, vigae ni vya sm 60 kwa 60. Kona haina mraba: nikipima mita 3 ukuta mmoja na mita 4 wa pili, mshazari umetoa mita 5.04 badala ya 5, kwa hiyo kwenye mita 3.6 ukuta unaachana kama sm 6. Hilo dogo. Mstari wa vigae vya sakafu unaanzia mlangoni, vipande vilivyopinda vitajificha nyuma ya kabati.

Tatizo ni tumbo la ukuta wa dirisha, yaani umevimba katikati. Kipande cha skatingi cha sm 60 kikishikwa katikati, ncha zote zinaachia mm 6. Cha sm 30 kinaachia mm 1.5 tu, gundi inameza, ila maungio yanaongezeka mara mbili na mengine hayalingani na ya vigae vya sakafu.

Njia nyingine ni kukata mstari kwa grinda kimo cha sm 10, kisha kuchonga plasta kwa patasi. Lakini plasta yenyewe ina mchanga mwingi, ukiigonga inalia kama ina uwazi ndani, na bomba la waya wa soketi limepita hapo hapo.

Waliokwisha kufanya, mlichagua ipi? Na mwanya wa juu, kati ya skatingi na ukuta, mliziba kwa grauti (ile ya kujazia maungio ya vigae) au silikoni?