Mguu unawaka moto baada ya kuwekewa diski bandia ya kiuno, wiki ya tano sasa. Tufanye nini?

BintiWaTanga ameuliza:

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya mgongo.

Kaka yangu ana miaka 43. Wiki tano zilizopita alipasuliwa India: diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno (L4-L5) ilitolewa, akawekewa ya bandia kwa kupitia tumboni. Kiuno kimetulia. Shida ni mguu wa kushoto. Unawaka kuanzia takoni, unashuka ubavuni mwa paja, nje ya muundi, hadi pale anapofungia kamba za viatu na kwenye kidole gumba. Ulianza siku ya nne baada ya upasuaji, na umezidi tangu arudi kwa ndege wiki iliyopita. Usiku halali. Halafu mguu wa kushoto una joto, wa kulia wa baridi.

Anatumia pregabalini 75 mg usiku na diklofenaki 50 mg mara tatu. Juzi ameongeza vidonge vya maumivu vya mchanganyiko kutoka duka la dawa. Jirani anasema achuliwe kwa nguvu, shemeji anasema alale kifudifudi na kuinua kifua. Kuonana na daktari hapa Dar ni baada ya wiki mbili. Je, tusubiri?

Viungo_Mazoezi amejibu:

Dada, pole kwa kuuguza. Nianze na sababu, maana bila kuijua utapokea kila ushauri unaopita mlangoni.

Diski iliyochakaa husinyaa. Pingili zinakaribiana, na neva inayopita hapo inazoea nafasi hiyo fupi kwa miaka. Diski bandia inarudisha kimo: ndani ya saa chache nafasi inaongezeka kwa milimita kadhaa, na neva inavutwa. Neva ikivutwa inavimba, na uvimbe huo huchukua siku kadhaa kukolea. Ndiyo maana mguu ulianza kuwaka siku ya nne badala ya siku yenyewe. Njia uliyoieleza, nje ya muundi hadi kidole gumba, ni ya neva ya L5. Ingekuwa S1, neva inayofuata chini yake, ingeshukia nyuma ya kigimbi mpaka kidole cha mwisho. L4 ingepita upande wa ndani wa muundi.

Kwa wengi moto wa namna hii huanza kupoa ndani ya wiki 6 hadi 12. Ganzi huchelewa zaidi. Neva iliyoumia hujijenga kwa takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi kidoleni ni karibu mita nzima.

Sasa hilo la kifudifudi: liacheni leo. Mbele ya pingili kuna kano ndefu inayozuia mgongo usipinde kwenda nyuma. Anayepasua kwa kupitia tumboni huikata kano hiyo pale diski inapoingilia. Zoezi la kuinua kifua linatolewa kwa mtu mwenye diski iliyotokeza ambaye hajapasuliwa, na kwake linaweza kusaidia sana. Kwa kaka yako linafungua mgongo upande uleule diski ilikopitia, kabla bamba zake hazijashikana na mfupa. Diski inaweza kusogea mbele, na viungo vidogo vya nyuma ya pingili vinabanwa. Asijipinde nyuma wala kujizungusha kiuno mpaka daktari aone eksirei na kuruhusu. Kwa kawaida ni wiki 6 hadi 12.

Kutembea ndiyo dawa ya kwanza, ila kwa vipande. Dakika 5 hadi 10, mara tano au sita kwa siku, mahali tambarare, na viatu vyenye soli nene kuliko kandambili. Kila baada ya siku mbili aongeze dakika moja au mbili. Kipimo ni hiki: maumivu ya mguu yakipanda na yasitulie ndani ya nusu saa baada ya kupumzika, matembezi yalikuwa marefu mno, arudi kwenye dakika za jana. Aangalie pia maumivu yanahamia wapi. Yakitoka kidoleni yakapanda kuishia pajani, hata yakiwa makali huko juu, hiyo ni dalili nzuri. Yakishuka kutoka pajani kwenda kidoleni, kuna jambo analolifanya linaloivuta neva.

Mara nyingi jambo lenyewe ni kukaa. Asizidishe dakika 20 kwa mkao mmoja. Kiti kiwe kigumu, chenye egemeo, na magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Makochi yetu laini yanamzamisha mtu na kumkunja kiuno. Choo cha kuchuchumaa ni kibaya zaidi kwa sasa. Tafuteni kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati. Kama anasali, asali akiwa kitini.

Kulala: chali na mito miwili chini ya magoti, au kwa ubavu wa kulia na mto mnene kati ya miguu kuanzia gotini hadi kifundoni. Watu huweka mto mapajani tu, kifundo kinaning'inia, nyonga inajizungusha na neva inavutwa usiku kucha. Kuamka: apinde magoti, ageuke mwili mzima kama gogo, ashushe miguu kitandani huku akijisukuma kwa mkono.

Kuna zoezi moja la neva ambalo naliamini. Alale chali, ashike paja la kushoto kwa mikono miwili nyuma ya goti, paja lisimame wima. Anyooshe goti polepole mpaka ahisi mvuto wa kwanza, kisha alirudishe papo hapo. Asishikilie pale juu hata sekunde moja. Mara 10, asubuhi na jioni. Wengi hukosea kwa kuligeuza kuwa zoezi la kunyoosha msuli: wanavuta, wanahesabu hadi 30, na jioni mguu unawaka maradufu. Tunataka neva iteleze ndani ya njia yake, kwenda na kurudi. Lakini asilianze kabla ya kujibu maswali ambayo naona Nesi_Zamu atayauliza.

Nesi_Zamu amejibu:

Nitayauliza kweli, maana kuna mambo mawili yanayoweza kujificha nyuma ya maumivu haya, na moja linahusu ile safari ya ndege.

Ili kufika L4-L5 kwa mbele, daktari husogeza mishipa mikubwa ya damu iendayo miguuni, hasa ya kushoto. Ongeza kukaa saa nyingi kwenye ndege. Damu inaweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Chukueni futi ya fundi cherehani. Tafuteni kifundo cha mfupa kinachojitokeza chini ya goti, shukeni sentimita 10, mpime mzunguko wa kigimbi, miguu yote miwili. Tofauti ikizidi sentimita 3, au kigimbi kina uvimbe, wekundu na maumivu yakibonyezwa, aende hospitali leo akapimwe mishipa kwa ultrasaundi. Akipata kichomi cha ghafla au pumzi kukata, ni dharura bila kupima chochote. Kwa sababu hiyohiyo kuchuliwa kwa nguvu kusifanyike: donge la damu likikandwa linaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu. Pregabalini nayo huvimbisha miguu, lakini kwa kawaida yote miwili.

Joto na baridi: pembeni mwa pingili, kwa mbele, kuna mnyororo wa neva zinazokaza mishipa midogo ya damu. Ukiguswa upande wa kushoto, mishipa ya mguu huo inalegea, damu inajaa, mguu unapata joto na hautoki jasho. Wa kulia ndio uko kama kawaida. Unaonekana wa baridi kwa kulinganishwa tu. Hali hiyo haina hatari, na kwa wengi hupungua yenyewe kwa miezi. Hata hivyo hakikisheni. Wekeni vidole viwili juu ya mguu, kwenye mstari kati ya kidole gumba na cha pili, katikati ya njia kuelekea kifundoni. Mtasikia mapigo. Linganisheni miguu yote miwili. Mguu wa baridi, uliopauka, unaouma na usio na mapigo ni mshipa ulioziba, na hapo mnahesabu saa.

Dawa. Angalieni pakiti ya hivyo vidonge vya mchanganyiko. Vingi vina diklofenaki 50 mg na parasetamoli 500 mg ndani ya kidonge kimoja. Maana yake anakunywa diklofenaki mara mbili bila kujua, na kiwango cha juu ni 150 mg kwa siku, ambacho alishakifikia. Tumbo na figo ndivyo vitakavyolipa. Aache vya mchanganyiko. Badala yake parasetamoli tupu, gramu 1 kila baada ya saa 6 kwa mtu mzima mwenye ini zima, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Diklofenaki anywe baada ya chakula, na akiona choo cheusi kama lami aiache na aende hospitali.

Pregabalini ndiyo inayogusa maumivu ya neva, lakini 75 mg mara moja ni kidogo. Wengi huanzia 75 mg mara mbili, na daktari huweza kupandisha hadi 150 mg mara mbili baada ya wiki hivi, akishajua figo zinafanyaje kazi. Msipandishe wenyewe, na asiikatishe ghafla. Asichanganye na pombe. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, asiiguse bila daktari kujua. Ikikutana na pregabalini usingizi unakuwa mzito na pumzi inashuka.

Barafu iliyofungwa kwenye kanga, dakika 15, kiunoni au takoni, inasaidia kabla ya kulala. Chupa ya maji ya moto isiwekwe kwenye mguu wenye ganzi kabisa. Ngozi inaungua na mwenyewe hahisi.

Maswali yangu, kwa lile jambo la pili, yaani neva kubanwa: anakojoa kama kawaida? Kuna ganzi sehemu za siri au pale anapokalia? Je, anaweza kutembea kwa visigino, vidole vikiwa juu, hatua kumi? Kwa ncha za vidole, hatua kumi? Awe karibu na ukuta, na mtu amshike.

BintiWaTanga:

Ahsanteni sana. Vidonge vya mchanganyiko tumevitoa, ni kweli vina diklofenaki. Kigimbi cha kushoto sentimita 36.5, cha kulia 36. Mapigo yapo miguu yote. Anakojoa vizuri, hana ganzi huko. Kwa ncha za vidole ametembea kumi bila shida. Kwa visigino, mguu wa kushoto hauinuki kama wa kulia. Hatua ya sita vidole vikashuka. Yeye anadai ni kwa sababu ya maumivu.

Viungo_Mazoezi:

Dada, hapa ndipo pa kushika. Maumivu humfanya mtu asitake kuinua. Udhaifu humfanya aanze vizuri kisha vidole vizame. Mtenganishe hivi: alale chali, ainue kidole gumba peke yake kuelekea usoni, wewe ukibonyeze chini kwa kidole chako kimoja. Fanya kulia, kisha kushoto. Zoezi hili haliivuti neva, kwa hiyo maumivu si kisingizio tena. Cha kushoto kikishuka kirahisi, msuli hauna nguvu.

Kisha fungua karatasi alizoruhusiwa nazo India. Tafuta herufi EHL. Huo ndio msuli wa kuinua kidole gumba, na nguvu yake huandikwa kwa namba, 0 hadi 5, na 5 ni nguvu kamili. Kama walimruhusu na 4/5 na leo yuko vilevile, aonwe ndani ya siku mbili tatu. Kama waliandika 5/5, basi nguvu imeshuka akiwa nyumbani, na kuna kitu kinaibana neva: kipande cha diski kilichobaki, damu iliyokusanyika, au diski bandia iliyosogea. Hilo halisubiri wiki mbili.

BintiWaTanga:

Imeandikwa EHL 5/5 pande zote. Cha kushoto nimekishusha kwa kidole kimoja.

Nesi_Zamu:

Basi mtoke leo hii, dada, kwenye hospitali yenye daktari bingwa wa mgongo. Bodaboda na daladala hapana. Tafuteni gari, alale kiti cha nyuma kwa ubavu wa kulia, magoti yakiwa yamekunjwa na mto katikati.

Bebeni karatasi ya kuruhusiwa, picha zote za kabla na baada, na ile kadi ya diski yenye jina na namba yake. Kadi ni muhimu: chumba cha MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, wataitaka kabla ya kumwingiza, na diski za kobalti-kromu hutia kivuli kinachoficha neva, kwa hiyo huenda wakaamua kipimo cha CT. Waombeni pia eksirei ya kusimama, ya mbele na ya ubavu, walinganishe na ya India kuona kama diski ipo palepale.

Andika kwenye karatasi dawa zote na saa alipokunywa mara ya mwisho. Njiani asile chochote mpaka aonwe, maana wakiamua kumpasua wataulizia tumbo. Na neno la kwanza mapokezini lisiwe "mguu unauma". Sema: "Amewekewa diski bandia wiki tano zilizopita, na mguu umeanza kupoteza nguvu."